Springi ya Siti ya Leokadia

Ninyi vijana mnaotengeneza baiskeli za umeme pale Kasulu mjini mna jambo moja linalonikera. Mteja anakuja, anasema mgongo unamuuma, na kabla hajamaliza mmeshatoa simu na kumwonyesha picha za mabomba ya siti yenye springi. "Mama, unataka hili au hili?" Utadhani anachagua kitenge. Mimi nimestaafu, na najua mstaafu anayezurura kwenye vibanda vya wenzake akitoa maoni ni kero tupu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Mkichoka kusoma mtaweka chini, jambo ambalo hamwezi kulifanya kwa mzee aliyekwisha kaa kwenye benchi lenu.

Naitwa Gervas. Nilianzia kazi Kibondo, nikahamia Kasulu, na kote huko nilishika baiskeli tu. Pikipiki zilipoingia kwa wingi watu waliniambia nitakufa njaa. Sikufa, ila vidole vimejikunja na havifunguki vizuri, na spana ndogo siku hizi nazitambua kwa kupapasa. Kibanda changu nimemwachia Deo, fundi mwenzangu wa miaka ya mwisho. Mnamfahamu, ni yule ambaye redio yake haizimwi.

Nataka kuwaambia habari za bomba la siti, kile kipande kinachoishika siti na kuzama ndani ya fremu. Zamani hakuna aliyekijali. Baiskeli zilikuwa nyeusi na nzito, siti ya ngozi ilikuwa na springi mbili nene nyuma, na zilikuwa zikilia kila ukipita kwenye jiwe. Bomba lenyewe lilikuwa chuma kitupu. Likikwama unaligonga nyundo, likilegea unakaza nati, ukichoka unamwambia mteja arudi kesho.

Aliyenifundisha kuliheshimu ni Papa Kasongo, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, aliyekuwa akitengeneza baiskeli chini ya turubai. Mimi wakati huo nilikuwa fundi tayari, tena mwenye majivuno. Nilimpelekea baiskeli iliyonishinda. Mwenye baiskeli alikuwa akilalamika kiuno, nami nilikagua kila kitu nisione kosa. Papa Kasongo hakugusa spana. Alipanda, akazunguka turubai lake, akashuka, akasema siti imeinama mbele kidogo, kwa hiyo mtu anateleza na kujizuia kwa kiuno kutwa nzima.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Petit, velo haisemake na kinywa," akasema, velo kwao ikiwa ni baiskeli. "Inasemaka na matako. Ikaa kwanza, kisha utengeneze."

Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Baadaye alihamishiwa ng'ambo na familia yake, na sikupata habari zake tena. Lakini tangu siku ile sijawahi kufungua nati ya baiskeli ya mtu kabla sijaikalia.

Sasa zikaja hizi za umeme, na nilipoikalia ya kwanza niliona kitu ambacho hamkitaji kwa wateja. Kwenye baiskeli ya kawaida ukiona shimo unasimama juu ya pedali. Hufikirii, miguu inajua yenyewe. Magoti yanakunjika na shimo linapita chini yako. Kwenye baiskeli ya umeme mota ndiyo inayosukuma, kwa hiyo mtu anakaa. Anakaa ametulia kama yuko kanisani, anakwenda mbio kuliko alivyozoea, na baiskeli yenyewe ni nzito kwa sababu ya betri. Shimo likija, pigo lote linapanda kwenye bomba la siti na kuingia kwenye uti wa mgongo. Watu wanasema umeme umewapunguzia kazi. Umewapunguzia kazi ya miguu, ya mgongo umeiongeza.

Haya niliyajua vizuri, na bado hayakunisaidia kwa dada yangu.

Leokadia ni kitinda mimba wetu. Ni mjane, anaishi na mama yetu ambaye haoni tena, na wote wawili walikuwa wanakula kutokana na dagaa. Alikuwa ananunua dagaa, chumvi na sabuni mjini, anapakia, anapeleka vijiji vya Kagerankanda, jioni anarudi na baiskeli tupu. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kimepata baiskeli za umeme kupitia mradi fulani, na moja akapewa yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa akienda mbali kuliko wenzake. Alifurahi sana. Alikuwa anapanda vilima vya njia ile huku akiimba, jambo ambalo hata vijana wa bodaboda walikuwa wakilishangaa.

Siku moja alipita kwangu akitoka hospitali. Hakuketi. Alisimama ameshika nguzo ya kibaraza, akaniambia daktari amempiga picha ya mgongo na kuona pingili za chini zimekaribiana, na mishipa ya miguu imebanwa.

"Amesema niache baiskeli, kaka."

"Basi acha."

"Nikiacha nifanye nini? Jembe linataka mgongo huu huu."

Alikuwa anasema kweli, na mimi sikuwa na cha kumpa badala yake.

"Asubuhi mguu wa kulia unakuwa na ganzi," akaendelea. "Amesema mashimo yakiendelea kunipiga, miguu itakufa. Wewe ni fundi. Fanya mashimo yasinipige."

Ningekuwa na akili ya kutosha ningemkatalia. Lakini mtu akikuambia wewe ni fundi, tena dada yako, hukumbuki kukataa. Nilimwambia alete baiskeli.

Nilikwenda kwa Deo. Alikuwa ameshaona kwenye simu aina ile yenye mikono miwili, ambayo siti inabebwa na vyuma vinavyojikunja kurudi nyuma na kwenda chini.

"Mzee, hii ndiyo mpango mzima," akasema. "Inacheza kama godoro."

Ni kweli, ni nzuri. Inanyonya mapigo madogo madogo, haichezi pembeni, na kama bushi zake zinapata grisi inadumu. Lakini ile mikono inakula nafasi. Leokadia ni mfupi. Siti yake ilikuwa imeshushwa karibu kugusa fremu, kama wanawake wengi wa huku wanavyotaka, ili akisimama akanyage chini kwa miguu yote miwili. Nilichukua rula, nikapima kutoka vyuma vya chini ya siti hadi kwenye kibano cha fremu. Ile ya mikono isingeingia. Angekalia juu, vidole vya miguu vikitafuta ardhi, na mtu mwenye mguu wa ganzi hatakiwi kutafuta ardhi. Hilo liwe la kwanza kwenu: kabla ya kuuliza springi ipi nzuri, pima nafasi iliyopo.

Ikabaki aina ya pili, bomba linaloingia ndani ya bomba, springi ikiwa ndani. Ni fupi, ni rahisi, na kosa lake ni kwamba vumbi likiingia linaanza kucheza kushoto na kulia. Vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye mayai. Nilijua itabidi nilifungue mara kwa mara na kulisafisha, nikaona hiyo ni kazi ya kawaida.

Kisha kipenyo. Hapa msinifanyie mzaha. Bomba la zamani lina namba imegongwa chini kabisa, ifuteni mafuta muisome. Likiwa jembamba hata kwa nusu milimita, halifai mpaka uweke bushi ya kiwandani ya kujaza nafasi. Kule Kibondo fundi mmoja alimwekea katekista bomba jembamba, akalizungushia bati la kopo la soda. Katekista aliondoka nyumbani amekaa vizuri. Kila tuta siti ikashuka kidogo, na yeye, mtu mpole, akadhani barabara ndiyo inayopanda. Alipofika kanisani magoti yalikuwa karibu na masikio. Tulimcheka mwaka mzima, lakini kwa baiskeli ya umeme, kwa ile kasi, bomba likizunguka ghafla kwenye mteremko hakuna atakayecheka.

Halafu uzito, kwa sababu springi inachaguliwa kwa uzito wa mtu. Ikiwa ngumu kuliko mtu, ni sawa na chuma. Ikiwa laini mno, inafika mwisho na kugonga, na kugonga kule ni kubaya kuliko kutokuwa na springi kabisa. Leokadia hakujua uzito wake. Nilimpeleka kwenye mizani ya wanunuzi wa maharage, na nikamlazimisha asimame na koti lake la mvua, viatu na mkoba wa mgongoni, yaani vile anavyopanda.

"Mama, tukuandike maharage ya soya au ya njano?" mpimaji akamwuliza.

"Niandike mbegu," akajibu. "Mimi siuzwi kwa kula."

Watu wote pale walicheka, na yeye mwenyewe alicheka akiwa ameshika kiuno. Ni mara ya mwisho ninayoikumbuka ya kumsikia anatania hadharani.

Bomba lilitoka Mwanza kwa basi. Nililifunga mwenyewe, Deo akinikazia pale vidole vilipogoma. Niliwasha taa, nikachungulia ndani ya fremu kwanza, kwa sababu kwenye baiskeli hizi waya za mota mara nyingi zinapita humo, na fundi mwenye haraka anasukuma bomba na kukata waya asioujua. Betri yake ilikuwa nyuma ya bomba la fremu, inachomolewa kwa juu, kwa hiyo nilihakikisha siti ikishuka bado betri inatoka. Nilipaka grisi kidogo. Nilizamisha bomba mpaka ule mstari wa usalama ukapotea ndani ya fremu, maana mstari ukionekana nje, fremu itapasuka. Nikakaza kibano kwa kiasi, sio kwa hasira. Kisha nikafunga uzi kwenye sehemu inayoteleza, nikamwambia akae taratibu na ashuke, nikaangalia uzi umesogezwa wapi. Akikaa tu, springi inatakiwa ishuke kidogo, ibaki na safari ya kutosha kwa ajili ya shimo. Ilishuka mno. Nikalitoa bomba, nikakaza skrubu iliyo chini yake, nikarudisha, akakaa tena. Tulirudia hivyo mpaka ikakaa sawa na mwili wake. Mwishoni niliinua siti kidogo kufidia kiasi kinachozama, nikaikalia mimi, nikazunguka uwanja. Baiskeli ilisema vizuri.

Siku za mwanzo alipita kwangu kila jioni akirudi. "Kaka, nimelala usiku mzima," aliniambia. Ganzi ya asubuhi ilipungua. Mama yetu, ambaye hajui springi ni nini, alinishika mikono yote miwili na kuniombea. Nilijisikia mtu wa maana, nawaambia ukweli. Nilimweleza kila aliyepita habari za lile bomba, mpaka jirani akaanza kupita njia nyingine.

Mvua zilipoanza, barabara ikachimbika, na maumivu yakarudi. Kwanza hakuniambia. Niliona mwenyewe namna alivyoshuka, akiushika mguu kwa mkono na kuuvusha. Nikalifungua bomba, nikasafisha vumbi lililogeuka tope, nikapaka grisi mpya, nikamkalisha, nikatazama uzi. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikaikalia mimi. Sawa. Deo akaikalia, akarukaruka juu yake, akasema, "Mzee, hii haina noma." Leokadia alitutazama wote wawili.

"Basi ni mimi niliyeharibika," akasema.

"Unahisi inashuka ukipita shimo?"

"Jioni, ego, ndiyo, inashuka. Asubuhi sijui. Asubuhi naona kama ile ya zamani."

Alisema hivyo, kwa maneno hayo, na mimi nikadhani ni mgongo wa asubuhi, ambao kila mtu mzima anaujua. Nikamwambia apashe kiuno maji ya moto kabla ya kutoka. Akaendelea kwenda Kagerankanda. Mvua zikanyesha, maharage yakapandwa, yakachanua, yakaanza kukauka mashambani, na yeye anakwenda tu. Mguu wa kulia ukaanza kuburuta.

Msiba ndio ulionionyesha. Rafiki wa zamani alifariki huko Kagerankanda, nikapanda bodaboda asubuhi kwenda kuzika. Kwenye kilima cha kwanza baada ya kutoka mjini tulimkuta Leokadia mbele yetu, amebeba mzigo kamili. Nilimwambia kijana wa bodaboda apunguze mwendo, nikitaka kuona springi yangu ikifanya kazi. Gurudumu la nyuma liliingia kwenye shimo. Siti haikusogea. Likaingia jingine, siti imesimama vile vile, na kichwa cha dada yangu kikatikisika kama cha mtu aliyepigwa kofi.

Nikamsimamisha. Nilipoangalia nyuma ya siti nilitamani kukaa chini katikati ya barabara.

Mnajua tunavyofunga mizigo huku kwetu. Mpira wa tyubu unaanzia kwenye keria, unapita juu ya gunia, unavutwa kwa nguvu zote, na mwisho wake unazungushwa kwenye siti, vile vyuma vya chini, halafu unarudishwa nyuma. Bila hivyo, kwenye vilima vyetu gunia linateleza na kuanguka. Nani hafungi hivyo? Mkaa unafungwa hivyo, ndizi zinafungwa hivyo, mgonjwa akiegemezwa kwenye keria anafungwa hivyo. Kwa siti ya chuma haina madhara. Lakini mpira ule ulikuwa umeivuta siti ya Leokadia chini mpaka springi ikafika mwisho, na pale mwisho ikabaki. Njia nzima ya kwenda, na mzigo mgongoni mwa baiskeli, alikuwa amekalia chuma. Jioni akirudi mtupu, mpira umefunguliwa, springi inacheza vizuri, na ndipo anapopita kwangu nami naikagua na kuisifu.

Nilianza kuufungua mpira pale pale. Akanishika mkono.

"Oya, hapana. Gunia litaanguka."

"Leokadia, huu mpira ndio unaokuua."

"Hivi ndivyo baba alivyofunga," akasema. "Nilikuwa juu ya mzigo, akanifunga mimi na sufuria na godoro, akakaza kwenye siti. Sikuanguka."

Wazazi wetu walipovuka mpaka kutoka Burundi, mimi nilikuwa kijana wa kusukuma baiskeli kwa nyuma, baba ameshika hendeli, na yeye, mtoto mdogo, alikuwa amefungwa juu ya kila tulichokuwa nacho. Nchi hii aliingia akiwa amekazwa kwenye siti kwa mpira. Sisi wote tumekuwa raia hapa, tumezeeka hapa, na katika mambo machache ambayo baba alituachia hilo la kufunga mzigo lilikuwa mojawapo. Ungemwambiaje mtu kwamba hilo sasa ni kosa? Nilimwambia hata hivyo, nikiwa na hasira, si kwake, bali kwa kila kitu. Watu wa bodaboda wakasimama kututazama tukibishana juu ya mpira.

Mwishowe aliniachia. Nikafunga mzigo wake kwenye keria peke yake, kwa shida, na akasukuma baiskeli kwa miguu kilima chote kwa kuhofia gunia. Mimi nilichelewa mazishi.

Kesho yake Deo alichomelea kipande cha chuma mbele ya keria, kimesimama wima, ili gunia liegemee hapo na mpira ushikwe na keria yenyewe pande zote mbili. Si kazi ya ajabu. Ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Leokadia alipoijaribu na mzigo kamili, akaenda na kurudi, alisema hakulisikia hata shimo kubwa la darajani. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, akiwa ameketi kwenye kibaraza changu, na wote tulijua kwamba tungeweza kuwa na kile chuma tangu mwanzo.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja alitaka kushuka kitandani kumwashia mama moto, miguu ikakataa. Si wa kulia tu, yote. Mama alimsikia akianguka na hakuweza kuona alipo, akawa anapapasa sakafu akimwita. Majirani ndio waliovunja mlango. Tulimpeleka hospitali Mwanza, madaktari wakampasua, wakatueleza kwamba mishipa ilikuwa imebanwa kwa muda mrefu. Daktari mmoja aliniambia kwa upole kwamba pengine ingetokea hata bila baiskeli, kwa namna pingili zake zilivyokuwa. Pengine. Nimelifikiria neno hilo kila siku na halijawahi kunipa usingizi.

Kwa hiyo, vijana wangu, mteja wenu akija na baiskeli tupu, msiridhike. Mwambieni aje amepakia. Aje na gunia, na mtoto mgongoni kama huwa anapanda naye, na mpira umefungwa kama anavyofunga siku zote, halafu mtazame siti ikiwa katika hali hiyo. Papa Kasongo aliniambia niikalie, nami niliikalia, lakini nilikalia baiskeli ya jioni. Ile ya asubuhi sikuwahi kuikalia.

Baiskeli ilikuwa ya kikundi, na kikundi kilikaa na kuamua iende kwa Esta, mama mmoja mnene, mchapakazi, ambaye amekubali kuiendeleza biashara ile ile na kumgawia Leokadia anachopata. Walinituma niirekebishe. Ningeweza kumwachia Deo kazi hiyo, lakini niliona si haki.

Tulikutana uani kwa Leokadia asubuhi. Yeye alikuwa kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta, miguu ameinyoosha, amejifunika kitenge. Alikuwa ameshamweleza Esta habari ya mpira, na Esta amefunga na kufungua gunia tupu mpaka amechoka, na bado Leokadia anamwambia arudie. Mama yetu alikuwa karibu yake anachambua maharage kwa vidole.

Esta ni mzito kuliko Leokadia, kwa hiyo springi ilitakiwa iongezwe nguvu. Nilikuwa nimeanza kulegeza kibano cha siti Leokadia aliposema, "Subiri, kaka. Nikalisheni kwanza."

Hatukubishana naye. Deo na Esta walimbeba, mimi nikashika hendeli. Siti ikashuka kidogo na kusimama, pale pale inapotakiwa. Esta akamshika kiunoni, Deo akaisukuma baiskeli taratibu kuzunguka ua, juu ya mawe ya njia ya jikoni. Gurudumu la nyuma likapanda jiwe, likashuka. Springi ikafanya kazi yake yote. Nikamtazama usoni.

"Inakupiga?"

"Oya," akasema. "Naona mabega yanapanda na kushuka. Huku chini sisikii kitu."

Akakaa hivyo kidogo, mikono yake juu ya yangu kwenye hendeli. Kisha akasema tumshushe, Esta atachelewa. Tukamrudisha kwenye mkeka, mama akamfunika miguu. Nikalichomoa bomba, nikalipindua, nikatia spana kwenye ile skrubu niliyoipima kwa mwili wake, nikaizungusha mpaka ikawa ya mtu mwingine.